Kitufe cha Bibi

Jumamosi mchana, kwenye jengo la maduka ya vifaa vya umeme, watu walikuwa wakipitana kwa mabega. Kila duka lilipiga muziki wake, na hakuna aliyesikia wa mwenzake. Katikati ya zogo hilo alipita mwanamke mmoja mwenye gauni la kijani lililomkaa sawasawa, viatu vya chini, na mkoba uliofura. Alikuwa mfamasia, mwenye duka la dawa mtaa wa pili. Akafika kwenye meza ya fundi wa redio, akaufungua mkoba na kumwaga rimoti nne.

"Fundi, nataka moja."

Fundi akaziangalia rimoti, kisha akamwangalia mwenyewe. Alikuwa kijana mrefu, shati la bluu lililonyooshwa vizuri, bisibisi imechomekwa mfukoni pale ambapo wengine huweka kalamu.

"Dada, mwenye nne ni wewe. Mimi ndiye wa kuomba moja."

Mfamasia akacheka bila kutaka. "Ni za baba yangu. Ana amplifaya, redio, deki ya kanda na mashine ya sidii. Macho yamepungua, vidole vinatetemeka. Akitaka redio anawasha kanda, akitaka kuongeza sauti anazima kila kitu. Halafu ananipigia simu kazini."

"Anasemaje?"

"Kwamba mashine zimemgomea."

"Hazijagoma. Zimekosa msemaji mmoja tu." Fundi akatoa kabatini rimoti nene yenye kioo kidogo juu. "Hii inajifunza. Unailaza uso kwa uso na ile ya zamani, unabonyeza kule, hii inasikia na kushika. Ikishazishika zote nne, mzee anabonyeza kitufe kimoja, mashine zinaamka zenyewe kwa zamu."

"Kwa nini zamu?"

"Amplifaya ni mvivu. Ukiiamrisha kabla haijaamka vizuri, haisikii. Lazima uipe muda ipige miayo."

"Nawajua watu wa namna hiyo."

"Mimi naamka mapema," akasema fundi, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake alikwenda nyumbani kwa mzee kuifunza rimoti. Alivua viatu mlangoni, akaketi sakafuni mbele ya kabati la mashine, akawa anazilaza rimoti uso kwa uso, moja baada ya nyingine, taa ndogo ikikonyeza kila somo linaposhika. Mzee alitaka majina ya vitufe yaandikwe kwa herufi kubwa kwenye kile kioo: REDIO, KANDA, SIDII. Yote yakaenda vizuri isipokuwa redio, ambayo mara iliwaka, mara ilizima.

"Hii ina amri moja ya kuwasha na kuzima," fundi akaeleza. "Ikiwa imeshawaka, ukiiambia waka, inazima."

"Kama binti yangu huyu," akasema mzee. "Ukimwambia aolewe, ndiyo kwanza anafunga mlango."

"Baba, kunywa chai yako."

Mlango ule ulikuwa na sababu ya kufungwa. Mwanamume aliyempenda kabla ya hapo alikuwa na mke, na mfamasia hakuyajua hayo mpaka mke mwenyewe alipokuja dukani kununua dawa ya kikohozi ya mtoto. Alipokea dawa, akashukuru, kisha akamwambia yeye ni nani. Mfamasia alitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo aliapa kwamba akiona dalili tu ya mke, anaondoka bila maneno. Mtu aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini fundi alijua kungoja. Simu zilianza kwa habari za rimoti, zikaishia kwenye habari za mioyo.

"Daktari, habari za kazi?"

"Mimi si daktari. Ni mfamasia."

"Basi nina ugonjwa wa kifamasia. Siku nisipokusikia, kichwa kinaniuma."

"Kunywa maji mengi, ulale mapema."

"Na moyo?"

"Dawa ya moyo wako haipo dukani, laazizi."

Neno hilo lilimponyoka mfamasia kabla hajalipima. Alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea. Fundi alipomwambia, "Nyumbani kuna mtu nataka mkutane, ila namtafutia siku nzuri, ana maneno sana," yeye alidhani ni dada au mdogo wake.

Siku fundi alipomwalika aje kusikiliza spika alizoziunda kwa mikono yake, mfamasia alivaa gauni jeupe la maua madogo mekundu, akajipaka manukato nyuma ya masikio. Sebule ilikuwa safi mno kwa nyumba ya kijana asiye na mke. Mlangoni zilikuwepo kandambili za kike, na kwenye mgongo wa kiti kilikunjwa kitenge cha rangi ya chungwa. Fundi alikwenda jikoni kuleta maji ya matunda. Mgeni akaichukua rimoti iliyokuwa mezani, aone jinsi fundi alivyojipangia mwenyewe. REDIO. SIDII. Na cha mwisho, kwa herufi kubwa kuliko vyote: BIBI.

Wakati huohuo simu ililia jikoni. "Ndiyo, mke wangu," ilisikika sauti ya fundi, laini kama siagi. "Jioni nakuja kukuchukua. Hapana, sijala, nakungoja wewe. Haya, mke wangu."

Neno bibi lina milango miwili. Kwao fundi, bibi ni mama yake mama, basi. Kwao mfamasia, mama yake mama ni nyanya, na bibi ni mke wa mtu: baba yake alimwita marehemu mkewe "bibi yangu" mpaka siku alipomzika. Kila mmoja aliingia kwa mlango wake na hakujua kwamba upo mwingine.

Fundi alirudi na glasi mbili mkononi, akakuta sebule tupu. Baadaye kidogo ukaja ujumbe: Usinipigie tena.

Alipiga, haikupokewa. Alikwenda dukani, akapanga foleni nyuma ya wagonjwa. Zamu yake ilipofika, mfamasia alimtazama kwa macho makavu na kumuuliza, "Nikusaidie nini, kaka?" Hilo neno kaka lilimchoma kuliko tusi. Alinunua plasta ambayo hakuihitaji, akaondoka. Mfamasia naye aliingia stoo, akalia nyuma ya maboksi, kwa sababu alimpenda yule mtu na hakuna dawa aliyoijua ya kumtoa.

Wakakaa hivyo, kila mmoja kwake, mpaka betri za rimoti ya mzee zilipopungua nguvu. Mzee, kwa mazoea ya watu wa rika lake, alizitoa akazianika dirishani zipate jua. Rimoti ile ilikuwa ya aina inayosahau ikikaa bila betri. Alipozirudisha, haikujua hata amplifaya ni nani. Mzee hakumwambia binti yake, alimpigia fundi.

Mfamasia aliporudi kutoka kazini, bado na koti lake jeupe, alimkuta fundi ameketi sakafuni, rimoti mbili uso kwa uso.

"Hujambo," akasema fundi bila kuinua kichwa.

"Sijambo. Bibi hajambo?"

Fundi akainua kichwa, uso umemchangamka. "Hajambo, anaendelea vizuri. Nani alikuambia habari zake? Nilitaka niwakutanishe mwenyewe."

"Utukutanishe."

"Ndiyo. Habari zako zote anazo, tangu siku ile ya rimoti nne."

"Akasemaje?"

"Alifurahi. Alisema magoti yanamuuma, hawezi tena kunihangaikia, aje mwingine apokee zamu."

Mfamasia akajishika kwenye kabati. "Apokee zamu."

"Tena ukija, anakuachia chumba kikubwa. Yeye atahamia kile cha uani."

Mzee, aliyekuwa akisikiliza kwenye kochi, akakohoa. "Kijana, huyo bibi yako ana umri gani?"

"Themanini na kitu, mzee. Mwenyewe anasema sabini."

Mzee alikumbuka ghafla kwamba ana kazi uani, akatoka.

"Bibi," mfamasia akasema polepole. "Yaani nyanya yako?"

"Ninyi mnasema nyanya? Mama yake mama. Ndiye aliyenilea."

"Na lile neno mke wangu, mke wangu kwenye simu?"

"Ananiita mume wake tangu naota meno. Wewe babu yako hakukuita mke wake?"

"Babu zangu sikuwakuta."

Fundi alianza kucheka, kisha akaelewa, na kicheko kikaisha. "Ulidhani nina mke."

"Nilisoma kwenye kitufe."

"Kitufe kile kinawasha redio kwa sauti ya juu, maana hasikii vizuri. Ndiyo kazi yake yote." Akaziweka rimoti chini. "Neno moja tu ungeniuliza. Moja. Badala yake ukaniita kaka mbele ya watu."

Mfamasia akamsimulia habari za dawa ya kikohozi, yote, bila kujitetea. "Niliogopa jibu," akamaliza. "Nisamehe."

"Nimeumia, sikufichi. Kukusamehe ni rahisi. Shida ni kesho. Utasikia neno jingine, utaona kandambili nyingine. Utaondoka tena kimya kimya?"

Kabla hajajibu, simu ya fundi ikalia. Akaiweka sakafuni kwa sauti ya nje.

"Mume wangu, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya kikongwe, yenye mapengo. "Nimebonyeza kitufe changu, redio imezima."

"Ilikuwa imeshawaka, mke wangu. Bonyeza tena. Mimi niko kwa yule mfamasia."

"Ameacha kununa?"

"Bado tunazungumza."

Mfamasia akakaa sakafuni na koti lake jeupe, goti kwa goti na fundi. Woga ulikuwa uleule wa siku zote. Safari hii hakuinuka.

"Nakuuliza," akasema. "Una mke?"

"Sina."

"Una mchumba?"

"Nilikuwa naye. Akaniita kaka."

"Unataka mke?"

Fundi alimtazama tu, machozi yakimlengalenga.

"Mume wangu, mjibu mwenzio upesi," ikasema simu pale sakafuni. "Salio linakwisha."

"Nataka," akasema fundi. Lakini simu ilikuwa imeshakatika, ikabidi ampigie bibi yake arudie tena.