Nilijua Kamba ni Fupi, Nikamwacha Mdogo Wangu Akimbie

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na minne, nauza maharage katika soko la Kasulu. Sokoni wananiita Mama Mara Mbili, kwa sababu sipokei kitu bila kukihesabu mara mbili. Debe nalipima mara mbili. Chenji naihesabu mara mbili. Hata wanangu watatu, wakiingia ndani jioni nawahesabu mara mbili, na sijawahi kupata wanne.

Cheka hapahapa kama unataka kucheka. Huko mbele sijaacha nafasi...

Kwetu tulizaliwa wanane. Mimi ndiye wa kwanza, na wa mwisho ni Butoyi. Sisi Waha pacha wa kwanza humwita Bukuru na wa pili Butoyi. Bukuru wake hakumaliza hata wiki moja duniani. Mama alikuwa akisema ndiyo maana huyu mtoto hatulii, anakimbia mbio zake na za mwenzake. Mama alipofariki Butoyi alikuwa na miaka sita, nikamchukua mimi. Kwa hiyo nikiandika "mdogo wangu", wewe soma "mwanangu".

Na alikuwa anakimbia, jamani! Ule mlima wa kutoka mjini kwenda Heru Juu, bodaboda iliyopakia watu wawili alikuwa anaipita. Abiria wanamshangilia, dereva ananuna.

Basi banda langu la maharage likageuka kijiwe cha riadha. Wengine wana vijiwe vya mpira, sisi tulikuwa na mbio. Alikuwepo fundi baiskeli, alikuwepo mwalimu wa michezo wa shule ya jirani, na kila siku ya gulio alikuwepo Shabani, muuza vitenge wa Kibondo. Babu zake walitoka pwani, kwa hiyo maneno hayamwishii. Shabani alikuwa na mpwa wake, Yusta, naye akikimbia mita elfu kumi kama Butoyi wangu. Alikuwa akishuka kwenye gari na mizigo miwili, mmoja wa vitenge na mmoja wa majigambo.

"Yusta wangu ana pumzi ya kufika Burundi na kurudi," anasema.

"Akifika Burundi mwambie abaki huko," namjibu, "ili Butoyi apate nafasi ya kukimbia bila kumsukuma mtu."

Watu wanacheka, chai inanywewa, maharage yananunuliwa. Tulibishana nani anafaa timu ya taifa kama vile sisi ndio wenye kalamu. Shabani nilimpenda, siwafichi. Alikuwa adui mzuri.

Mwaka juzi ikaja habari. Mkoa utapeleka msichana mmoja wa mita elfu kumi kwenye mchujo wa kuunda timu ya taifa. Mmoja tu! Kila wilaya ipeleke muda wa mtu wake, na mwenye muda bora ndiye apande basi.

Yusta alikuwa ameshakimbia kwenye uwanja halisi wa mji mwingine. Dakika thelathini na nne na sekunde arobaini. Sisi Kasulu hatukuwa na uwanja uliopimwa. Mwalimu alikuwa na tepu ya shule iliyofutika namba, haijulikani ilianzia wapi wala inaishia wapi. Nikamwambia asihangaike. Mimi nina kamba ya baba.

Hapa nisimame kidogo niwaeleze kamba hiyo.

Marehemu baba alikuwa na ardhi Heru Juu, akikodisha vipande kwa wakulima, wengine wakitoka mbali hadi Rungwe Mpya. Aliwapimia kwa kamba ya katani ya mita hamsini. Mashamba yetu yote yalipimwa kwa hiyo. Wakulima walikuwa wakinung'unika, "Mzee, mbona hamsini yako inawahi kuisha?" Baba anacheka, anawaambia, "Basi pimeni kwa kamba yenu." Nao kamba hawana. Na sisi watoto tunacheka pamoja naye... Alipofariki nikairithi, nikaendelea kupimia watu. Kwangu mimi hamsini ilikuwa ni urefu wa kamba ile. Sikujua hamsini nyingine.

Tukaizungusha uwanjani mara nane, ikatimia mia nne. Tukarudia mara ya pili, maana mimi ndiye Mama Mara Mbili. Ikatimia tena. Tukapanga mawe kuzunguka.

Butoyi akakimbia mizunguko yake ishirini na mitano. Mwalimu alishika muda kwa simu yake, mimi kwa yangu. Thelathini na tatu na sekunde ishirini na saba!

Mama weee! Nilirusha kanga juu, nikamkumbatia mtu nisiyemjua.

Siku ya gulio nikamsomea Shabani ule muda polepole, kama mtu anayemimina asali. Halafu akauliza, "Huyo alikuwa amepanda pikipiki?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko, na aliyecheka sana ni mimi.

Jina la Butoyi likapita. La Yusta likabaki Kibondo.

Zilipobaki siku tisa kabla ya safari, walikuja watu wa ardhi kupima mipaka kule Heru Juu. Kijana wao mmoja alikuwa na tepu ya chuma, mpya, inang'aa. Nikamletea na kamba yangu, nikijisifu kwamba sisi hapa tuna vipimo tangu enzi. Akailaza kamba kando ya tepu.

"Mama, hii ni arobaini na saba."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Arobaini na saba! Akaiokota ile ncha, akaigeuza, akatabasamu. "Ilikatwa siku nyingi. Ona, wamesokota upya vizuri kabisa. Aliyefanya hivi ni fundi."

Fundi alikuwa baba yangu.

Nilikaa kwenye tuta. Kichwa chenyewe kikaanza kazi yake bila ruhusa yangu. Mita tatu kila kamba, kamba nane kila mzunguko, mizunguko ishirini na mitano... Mita mia sita! Mdogo wangu alikuwa hajakimbia elfu kumi. Ukimrudishia zile mia sita, dakika mbili zinarudi nazo. Yusta alikuwa mbele yake kwa karibu dakika nzima.

Nikarudia hesabu. Hesabu haina huruma, ukiirudia inakujibu vilevile.

Ningesema siku ile... ingekuwa aibu ya wiki moja. Nilikuwa na siku tisa! Lakini nikawaona wakulima wa Rungwe Mpya wakija mlangoni kudai miaka yote ya mashamba yaliyopunjwa. Nikaliona jina la baba likitembea sokoni bila nguo. Na zaidi ya yote, niseme ukweli, nikakisikia kicheko cha Shabani. Nani kama mimi angekubali kupimwa mbele za watu akakutwa pungufu?

Nikaikunja kamba, nikaifungia stoo.

Siku ya gulio iliyofuata Shabani alikuja bila utani. Alivua kofia. "Dada yangu, nakuomba. Mabinti wakimbie pamoja, asubuhi moja tu, barabara ileile, jua lilelile. Yusta akishindwa, begi la Butoyi nitalibeba mimi mpaka stendi."

Ilikuwa njia ya kutokea, msomaji. Mungu aliniwekea mlango na kuufungua! Ningesema ndiyo, kila kitu kingejisahihisha bila baba kutajwa.

Nikamjibu, "Mwenye gunia zima hagombanii debe." Watu wakacheka. Shabani akakunja vitenge vyake, akaondoka.

Jioni ya mwisho Butoyi alikuwa anapiga pasi suti yake ya mazoezi. Akaniuliza, "Dada, kule nikimbie vipi?"

Nilimwangalia. Ana miaka ishirini na mmoja, ananiamini kama mtu anavyoamini kuta za nyumba aliyozaliwa.

Nikamwambia, "Kimbia kama unavyokimbia hapa. Kaa na wa mbele."

Maneno hayo yalitoka kinywani mwangu mimi. Hakuna wa kumsingizia.

Siku ya mchujo tulijaa bandani. Mwalimu aliyesafiri na Butoyi alipiga simu, tukaiweka sauti kubwa juu ya gunia. Shabani naye alikuja, akasimama nyuma.

"Yuko na wa mbele!" mwalimu akapiga kelele. Kijiwe kikalipuka. Mzunguko wa tano, yuko nao. Wa nane, yuko nao. Fundi baiskeli alikuwa anapiga kengele za baiskeli za wateja. Mimi nilikuwa nimeshika dengu mkononi, sijui nilizitoa wapi, nazihesabu.

Mzunguko wa kumi na moja mwalimu akasema, "Ameachwa kidogo." Wa kumi na nne akasema, "Mbona..." hakumalizia. Wa kumi na saba wale wa mbele walimpita kwa mzunguko mzima. Bandani ikabaki sauti ya simu peke yake.

"Anajaribu kuwafuata... Butoyi, waache! Waache waende!... Jamani, ameanguka. Ameshika paja. Ameanguka!"

Aliambiwa akae na wa mbele, naye hajawahi kunikaidi.

Msuli wa nyuma ya paja ulichanika. Alirudi kwa basi, mguu umefungwa, anatembelea fimbo. Stendi nilikuwa nimemwandalia maneno mengi. Yeye ndiye aliyesema kwanza. "Nisamehe, dada. Nimewaaibisha." Alinililia mimi! Na mimi nikampokea kilio chake, nikakiweka, kama mtu anayepokea kitu cha wizi.

Mashabiki ni watu wa msimu. Waliombeba wakaanza kumwita mwongo wa mbio. Mtoto wa watu hakuweza kupita sokoni. Kibondo nako, Yusta alisubiri mwaka uliofuata, mkoa haukupeleka mtu. Shabani akatuambia binti amegawa raba zake, hataki tena kusikia habari za kukimbia. Alisema hivyo bila kuniangalia.

Gulio moja Shabani akaja na yule kijana wa ardhi na tepu yake ya chuma. Wakaenda uwanjani, soko zima nyuma yao. Butoyi alikuwepo na fimbo yake, alitaka kujua kilichompata. Walipima kwa kufuata mawe. Mia tatu sabini na sita.

"Njia ya mwongo ni fupi," Shabani akasema. Nilisubiri acheke, hakucheka. Afadhali angecheka!

Kisha yule kijana, hana hatia, akageuka kunitazama. "Lakini mama, si nilikuambia kule shambani? Tuliipima mara mbili."

Soko zima likanigeukia.

Nyumbani Butoyi alikaa kwenye kigoda, mguu ameunyoosha. "Dada, ulijua?"

Nikasema yule kijana anachanganya mambo, anapima mashamba mengi.

Alingoja. Alikuwa amelelewa na mimi, anajua kazi. Akauliza mara ya pili. "Ulijua?"

Safari hiyo nilitazama mguu wake.

Hakunitukana. Alisema, "Ungeniambia, ningekuwa wa pili kwa Yusta. Mwaka unaofuata ningemfukuzia. Mimi kufukuzia mtu nilikuwa naweza, dada. Wewe ulinifukuzisha mtu ambaye hayupo."

Kesho yake alifunga begi, akaenda Buhigwe kwa dada yetu wa tatu. Simu yangu hapokei. Ile suti ya mazoezi ameiacha kwenye msumari, na mistari ya pasi bado ipo.

Wakulima wote nimewaambia kuhusu kamba. Kila mmoja nimempimia upya na kumwongezea ukanda wake. Wengine walinisamehe, mmoja alinitemea mate miguuni, nikaona naye yuko sawa. Shabani bado anakuja gulioni, ananisalimia kwa adabu, ananiita mama. Utani hatuna tena. Hakuna kitu kizito kama adabu ya mtu aliyekuwa anakutania!

Wenzangu mnaosoma, mnaoshabikia watoto wenu, wadogo zenu, wanafunzi wenu... msimpe mtoto sifa ambayo hamjaipima. Na mkigundua kipimo kina kasoro, semeni siku ileile, hata kama aliyekikata ni baba yako na yuko kaburini. Aibu yako wewe utatembea nayo wiki moja. Ukimwachia mtoto aibebe, ataibebea kwenye mguu. Na wewe unayejisifu kama mimi kwamba unahesabu mara mbili, jiulize unahesabia nini. Nilipima mara mbili kwa kamba ileile, nikapata uongo uleule mara mbili.

Na kama kuna msomaji aliyeko Buhigwe, akamwona msichana mrefu, mguu wa kushoto unasita kidogo akipanda mlima lakini bado anazipita bodaboda... ndiye huyo. Msimwambie arudi, sina uso wa kuomba hilo. Mwambieni tu kwamba mawe nimeyasogeza. Uwanja sasa ni mia nne kamili. Nimeupima mara mbili, kwa tepu mbili tofauti, za watu wawili wasiofahamiana.