Mistari Saba ya Sultani

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, mtunza kaburi alifungua mlango wa chumba cha msikitini alimolazwa Sultani na kukuta ukuta una shimo. Jana palikuwa na bamba la jiwe lenye mistari saba ya maandishi. Mstari wa sita ulisema ardhi inayouzunguka msikiti ni ya waliochonga mawe yake, wao na vizazi vyao.

Wazao hao sasa ni kaya thelathini na mbili. Ofisi ya mambo ya kale ilitaka kuwaondoa. Nakala za maandishi zilikwisha kupotea humo ofisini mara tatu: kwanza mvua, kisha mchwa, mara ya tatu hata kisingizio hawakujisumbua kukitunga. Hakimu wa kesi hiyo alichoka, akasema atakuja kulisoma jiwe lenyewe, Alhamisi saa nane mchana.

Saa mbili Inspekta alifika. Alilitazama shimo dakika nne.

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi, afande, lakini jana..."

"Na nyumba yako imeegemea ukuta upi?"

"Huu wa msikiti."

"Basi." Akamtia pingu, akamwachia Sajini uandishi, akaondoka na kifunguo cha pingu mfukoni.

Sajini, mwanamke aliyetumia miaka kumi na miwili kuandika majibu ambayo wakubwa walikwisha kuyapata, alitafuta pa kukaa. Kwenye lundo la kifusi cha ukarabati palikuwa na jiwe refu lililobonyea katikati. Likampokea vizuri kuliko kiti cha kituoni.

"Jana ilikuwaje, mzee?"

"Saa nane mtaalamu wa ofisi alifunga msikiti, eti anapuliza dawa ya mchwa. Mafundi wake akawarudisha nyumbani, winchi yao ya kuinulia mawe ikabaki. Funguo akanirudishia saa kumi."

"Hukuingia kaburini kuhakikisha?"

"Aliniambia dawa inaua, msikitini asiingie mtu hadi alfajiri." Akainua mikono yenye pingu. "Mwanangu, mimi niibe hati ya nyumba yangu mwenyewe?"

"Nilimuuliza Inspekta hivyo hivyo. Akasema wezi hawana akili."

Mtaalamu, mtu mpole mwenye miwani, alijibu kila swali. "Bamba nililiacha mahali pake. Msimwonee mzee, maisha ni magumu."

Mlinzi wa getini aliapa hakikutoka kitu. "Lile ni mzigo wa watu wanne, afande. Ningepitwaje?" Mnunuzi wa vitu vya kale wa hapo mjini alikuwa hospitalini siku ya tatu, mguu umefungwa plasta. Chini ya kitanda cha mtunza kaburi Sajini alikuta sufuria lililotoboka. Ikafika saa saba. Alirudi kwenye jiwe lake, akakaa, akatamani kumpiga mtu.

Muadhini mzee akapita akichechemea, kidole cha mguu kimefungwa kitambaa.

"Babu, umeumia?"

"Kidato cha birika, pale tunapotawadha. Miaka arobaini na mmoja nakipanda na macho haya mabovu, mguu wenyewe unajua pa kukaa. Leo alfajiri umekosa."

"Umekosa nini?"

"Bonde lake. Ama jiwe limenenepa, ama mimi nimezeeka, na kuzeeka nilishazeeka zamani."

Sajini aliinuka polepole. Akaligeukia jiwe alilokalia tangu asubuhi.

Saa nane kasoro dakika ishirini aliwaita wote birikani.

"Mtaalamu, msikiti una miaka mia tano. Mbona kidato hiki hakijalika katikati?" Akakwaruza pembeni. Chokaa ikaingia kwenye kucha, laini bado. "Kilicholika kiko kwenye kifusi chako. Nimekipima: urefu mmoja na lile shimo. Tulilosimamia hapa ndilo bamba. Aliyepima kila jiwe humu ni wewe, na winchi ya mafundi ulibaki nayo peke yako saa mbili nzima."

Mtaalamu alivua miwani. "Nyundo nilikuwa nayo mkononi. Nimelisoma jiwe hili miaka ishirini. Sikuweza kulivunja."

"Nyumba za watu ungeweza."

"Kuba linaanguka!" Upole ulimtoka. "Kuna mwenye hoteli, atalipia ukarabati wote akipewa uwanja mtupu. Wakuu wangu wamekubali. Kaya thelathini na mbili zitaweza kuliokoa kuba?"

"Waliolijenga hawakufika thelathini na wawili," mtunza kaburi alisema. "Na Sultani aliwaandika ukutani. Wewe umewalaza kifudifudi, tuwakanyage kwa miguu yenye maji."

Mafundi walilipindua bamba. Saa nane kamili Hakimu aliingia, akamkuta mzee amechuchumaa, anafuta chokaa kwa mikono iliyofungwa pamoja, anausoma mstari wa sita kwa sauti. Mtaalamu alisimama kando, mikono huru, kwa kuwa pingu ilikuwa moja tu.

Hakimu alisikiliza hadi mwisho, akaandika, kisha akauliza, "Na huyu amefungwa kwa nini?"

"Hana kosa, mheshimiwa," Sajini akajibu. "Tunamsubiri Inspekta amalize kula."