Gari Kuukuu la Isidori na Mafuta ya Mbata

Kila alfajiri Isidori alivuka Magogoni kwa pantoni. Ng'ambo, Kigamboni, alipakia mchicha, bamia na matembele kwenye pikapu yake ya petroli. Kufika saa moja asubuhi, mkewe Euphrasia alikuwa ameshapanga mboga kwenye meza yao, Soko la Kariakoo. Ndiyo kazi iliyowalisha tangu walipotoka Kilimanjaro.

Mwaka ule petroli ikaadimika. Watu walikesha kwenye foleni, wakarudi na madumu matupu. Pikapu ikalala uani. Mchicha ukazeeka shambani. Meza ikakaa tupu, na karani wa soko, Ndugu Wilbert, akamwita Euphrasia pembeni.

"Mama Klara, wengine wanaisubiri meza hii. Mwezi ukiisha bado ni tupu, nampa mtu mwingine."

Siku ile Euphrasia alilia mpaka macho yakavimba. Meza ikienda, wangeishi na nini mjini? Isidori hakulia. Yeye alipata wazo, na mawazo ya Isidori, jamani, yalikuwa na hatari zake.

Kigamboni alikuwa na rafiki aitwaye Awadhi. Awadhi alikamua mafuta ya mbata, yaani nazi iliyokaushwa. Mbata zikivunda, mafuta yake huwa machungu, hayaliki. Hufaa kwa sabuni tu. Lakini Awadhi aliyatia kwenye injini ya mashine yake ya kukamulia, na injini ilinguruma vizuri. Isidori akaona kwa macho yake. Akaomba debe moja, akavuka nalo, akaenda moja kwa moja kufungua tangi la pikapu.

"Shemeji! Weka chini hilo debe!"

Aliyepiga kelele ni Selina, mpangaji mwenzao. Selina alikuwa fundi wa dizeli kwenye karakana ya mabasi. Alikuja mbio na mswaki mkononi, povu mdomoni.

"Unataka kuliua gari?"

"Injini ya Awadhi inayanywa haya haya!"

"Ya Awadhi ni dizeli. Hii ni petroli."

"Si zote zinaunguza mafuta?"

Selina akatema povu. "Sikiliza. Petroli inawashwa na cheche ya plagi. Ni nyepesi, inashika moto upesi. Mafuta ya mbata ni mazito, cheche haiyawezi. Dizeli haina cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto sana. Halafu mafuta yanarushwa mle ndani, yanawaka yenyewe."

Isidori akakuna kichwa. Alielewa nusu, ila hakujua ni nusu ipi.

"Basi tuuze hili tutafute la dizeli," alisema Euphrasia.

"Sawa, lakini si dizeli yoyote, wala si mafuta yoyote," alisema Selina. "Mafuta ya kula tunayapangia foleni. Ukiyaunguza barabarani, watu watakurarua. Tumia haya machungu tu."

Pikapu ikauzwa wiki ileile. Sasa walikuwa na nafasi moja tu. Wakichagua vibaya, hawana gari, hawana meza.

Ungedhani Isidori angemsikiliza Selina peke yake. Wapi! Alizunguka Kariakoo nzima akiuliza. Muuza vitunguu alimwambia achukue gari jipya. Muuza dagaa alimwambia gari zima linajulikana kwa milango. Fundi viatu aliapa kwamba gari zuri huonekana kwa honi yake. Isidori alisema ndiyo kwa wote. Jioni alikuwa amechanganyikiwa mpaka akatia chumvi kwenye chai.

Jumamosi asubuhi na mapema Selina aliwapeleka Gerezani, kwenye uwanja wa kuuzia magari. "Twende mapema, injini ziwe baridi," alisema.

Palikuwa na magari mawili ya dizeli. La kwanza ni pikapu ya kijani, inang'aa. Isidori alifungua milango, ikafungika vizuri. Akapiga honi, ikalia vizuri. Akatabasamu.

"Shemeji, gusa boneti," alisema Selina.

Ilikuwa ya moto.

"Muuzaji kaiwasha kabla hatujafika," Selina alinong'ona. "Injini iliyochoka haitaki kuwaka ikiwa baridi. Ndiyo maana kaipasha." Akamwambia muuzaji aiwashe. Kisha akafungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ukafuka puu, puu, ukamrudisha Isidori nyuma.

"Hiyo inavujisha pumzi. Haibani hewa sawasawa. Dizeli yenyewe inaisumbua, itayaweza mafuta ya mbata?"

Gari la pili lilikuwa Benzi nyeusi, kuukuu, kiti cha nyuma kimechanika. Lilikuwa la shirika moja la umma zamani. Boneti ilikuwa baridi. Muuzaji alivuta kishikio cha kuwashia, akasubiri plagi za kupasha, zisizotoa cheche, zishike moto, akawasha. Injini ikakohoa mara moja, ikaanza kugonga taratibu. Kifuniko cha oili kilipofunguliwa, moshi haukufuka.

Selina akainama na tochi. "Hii hapa. Ni injini ya zamani, ina kachumba pembeni mafuta yanapoanzia kuwaka, kwa hiyo haichagui sana. Na pampu yake inalainishwa na oili yake yenyewe, haitegemei mafuta inayosukuma. Mipira hii ya kupitishia mafuta imekwisha, tutabadilisha. Chukueni hili."

Isidori hakusogea. "Benzi?"

"Benzi."

"Mimi? Na mchicha? Selina, unajua wanawaitaje watu wa Benzi! Wataniita bepari. Balozi atanisimamisha kwenye mkutano wa tawi la chama. Hapana, kwa kweli. Bora ile ya kijani."

"Ile ya kijani ni mbovu!" alisema Euphrasia.

"Lakini ina adabu."

Isidori alikuwa hatanii. Aliogopa kweli. Alitazama gari bovu lenye heshima, akatazama gari zima lenye fedheha, jasho likamtoka. Euphrasia alimshika mkono, akamwambia muuzaji awangoje, wakaenda moja kwa moja kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Nassibu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mbona mwanamume anatetemeka?"

Euphrasia akaeleza yote. Mzee Nassibu alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtabebea nini?"

"Mboga, Mzee."

"Na dereva ni nani?"

"Mimi mwenyewe," alisema Isidori.

"Bepari gani anayebeba matembele mwenyewe? Ndugu Isidori, watu wanachukia unyonyaji, hawachukii bati. Nenda kanunue. Ila wakikucheka, vumilia, maana hata mimi nitacheka."

Wakanunua Benzi.

Selina na Isidori waling'oa viti vya nyuma, wakafunga tangi la pili. Tangi moja la dizeli kidogo, jingine la mafuta ya mbata. Bomba la mafuta ya mbata walilipitisha ubavuni mwa bomba la maji ya moto ya injini. Mafuta yenyewe waliyaacha yatulie siku kadhaa, maji na taka zikashuka chini. Yale ya juu wakayachuja kwa kaniki safi.

"Tunahangaikia nini na matangi mawili?" aliuliza Isidori.

"Huu ni Julai. Mafuta yako ya nazi ya kujipaka yakoje asubuhi?"

"Yameganda."

"Ndivyo yatakavyoganda kwenye bomba. Kwa hiyo washa kwa dizeli. Injini ikishapata moto, geuza koki uende kwa mbata. Ukikaribia kuzima, rudisha dizeli mapema, isafishe pampu na mabomba. Na chujio ubadilishe mara kwa mara. Umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema Isidori. Alikuwa amechanganyikiwa kabisa.

Siku ya mwisho ya mwezi ilifika. Isidori alipakia mboga Kigamboni. Mchicha ulijaa mpaka dirishani. Njiani moshi ulinukia wali wa nazi, watoto wakamkimbilia wakicheka. Alifika kwenye pantoni, akaingia, baharia akampigia kelele, "Zima injini!" Akazima.

Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Je, alirudisha dizeli? Alikumbuka watoto. Alikumbuka kilima alichokipanda. Koki hakuikumbuka. Akainama kuitazama, ilikuwa upande wa dizeli. Lakini aliigeuza lini? Mapema, au sasa hivi? Pantoni ilivuka kwa upepo wa baridi, naye alikaa ameshika usukani, akiomba kwa Kichaga na kwa Kiswahili.

Pantoni ikagota. Nyuma magari yakaanza kupiga honi. Isidori akavuta kishikio cha kuwashia, akasubiri, akawasha. Injini ikakohoa. Ikanyamaza. Akasubiri tena, akawasha tena. Ikagonga! Alipiga yowe mpaka baharia akaruka.

Sokoni, Ndugu Wilbert alikuwa ameshasimama mezani. Pembeni yake palikuwa na mama mmoja na tenga la nyanya kichwani. Euphrasia alikuwa ameikumbatia meza kwa mikono miwili. Isidori alipita katikati yao na fungu la mchicha, akalitua. Akarudi kuleta jingine, na jingine.

Wilbert alitazama mboga. "Umeleta na nini?"

"Na Benzi."

"Basi meza ni yenu," alisema karani. Akamgeukia yule mama. "Samahani, mama. Utasubiri tena."

Yule mama alibaki amesimama na nyanya zake, hajui aende wapi. Isidori aliujua uso ule. Mwezi mzima uso ule ulikuwa wake yeye.

"Mama, tua tenga," alisema, akasukuma mchicha pembeni. "Kaa upande huu mpaka upate meza ya kwako."

"Isidori!" alisema Euphrasia. Kisha akamtazama yule mama, naye akasogeza bamia. "Haya, karibu. Atakayenunua mchicha atataka na nyanya."

Saa nne asubuhi meza ilikuwa tupu tena, mboga na nyanya zimekwisha zote.