Tapi Iliyokatala Kukauka

Jua la Kasongo, lile lenye linapindaka bati ya nyumba, lile lenye linakaushaka samaki mbele hujamaliza kumupasua, jua lile lilishindwa na tapi moja, zulia la sebuleni, siku tatu muzima. Tapi ilianikwa asubuhi, mangaribi ukiigusa, maji. Na maji yenyewe ya moto.

Tapi ilikuwa ya Mama Soraya, mwenye nyumba. Nyekundu, nzito kama ngombe, marehemu bwana yake aliileta toka Maka. Muhindo, muuzaji wa mabuti na matoroshi ya wachimba dhahabu, alipanga nyumba ile miaka mbili, na sasa alikuwa anahamia Salamabila. Garanti yake, feza ya kodi ya miezi sita yenye alimuwekea Mama Soraya siku ya kuingia, ndiyo ilikuwa ya kukamata duka kule. Na Mama Soraya alikuwa na neno moja tu:

« Unirudishie tapi yangu safi, nikurudishie garanti yako yote. »

Lakini katikati ya tapi kulikuwa doa, kubwa kama sahani ya bugali ya watu kumi. Na doa ile ilikuwa na haya yake. Miezi mbili nyuma, Muhindo alirudi amelewa lotoko, akafikiri angali nje, akakojoa katikati ya salo, juu ya tapi. Asubuhi Mama Soraya akapita, akanusa, akauliza. Muhindo ni mutu wa kujivuna, hata singileti yake inapigwaka pasi. Mudomo ukamutangulia:

« Pole, mama. Ni mama mukwe. Uzee, unajua. »

Mama mukwe, Mama Émérance, alikuwa ametoka Lusangi kuja kumulelea binti yake Chancelle mutoto. Alikuwa kwenye mulango. Alisikia yote. Aliinamisha kichwa, akatoka.

Sasa, Kasongo kila mutu anajua: maji ya moto haimwangwi ovyo. Unasema kwanza bismillahi, ama unasema tu, « Mutupishe, wenye kuwa hapa », sababu majini nao wanazaaka, na watoto wao wanalalaka chini, palepale tunapokanyaga. Hata wakristo wa hapa wanasemaka. Muhindo ni mutu wa Butembo, hakuna mwenye alimuambia. Alitandika tapi nyuma ya nyumba, akachemusha sufuria mbili, akatia sabuni ya unga, akamwanga yote mara moja. Puu!

Chini ya tapi, kitu kikalia.

Chancelle alikuwa na mutoto Fabrice mugongoni. Akageuka polepole. « Baba Fabrice, ni nini ile? »

« Paka. »

« Paka gani analalaka chini ya tapi? »

« Chancelle, acha. »

Harufu ikapanda: nywele zenye kuungua, na ubani, pamoja. Siku ya kwanza tapi haikukauka. Siku ya pili wakaikamua, ikatoa madumu ishirini, na ikabaki nzito kuliko jana. Siku ya tatu, saa sita kamili, jua kichwani, Muhindo akaona unyayo mudogo kwenye simenti, wa maji, kama wa mutoto mwenye anaanza kutembea, kisha wa pili, kisha wa tatu, zikitoka kwenye tapi zikija mulangoni, na nyuma yao nyayo zingine, ndefu, nyembamba, za mutu muzima mwenye anafuata mutoto wake, na hakuna mutu, na kila unyayo ulitoa moshi kidogo, na mutoto Fabrice mugongoni mwa mama yake akaanza kucheka na kupunga mukono kwa kitu chenye wakubwa hawakukiona.

Chancelle akanongona: « Mwite mutu. Leo hii. »

Wamotari wawili wa pikipiki, Salomon na Blaise, wenye wanabebaka magunia ya muchele kama mito, walijaribu kuinua tapi. Haikutikisika. « Yaya Muhindo, kuna mutu amekaa juu! » Salomon akasema, akakimbia bila kandambili zake. Ndiyo wakamuleta mwalimu Djuma wa musikiti. Akachutama, akatega sikio kwa tapi. Mama Soraya alifika, majirani walifika, Mama Émérance naye akasimama kando.

« Ni mama jini, » mwalimu akasema pole. « Umemuunguzia mutoto. »

« Anataka mbuzi? Nitaleta mbuzi mbili, mwalimu. »

« Hataki mbuzi. Anauliza ulikuwa unafuta nini, mpaka ukamuunguza mutoto wake. »

« Doa tu. »

Maji yakachemka ndani ya nyuzi, yakatoka mpaka kwenye vidole vya miguu ya Muhindo.

« Anauliza, doa ya nani? »

Muhindo akatazama Mama Soraya. Akifungua mudomo, garanti inaweza kuenda, na duka, na jina lake. Akatazama mutoto wake. Maji yalikuwa yanamufuata Chancelle.

« Yangu, » akasema. « Nilikojoa mimi. Nililewa. Nikamusingizia mama mukwe. »

Tapi ikapumua. Nyayo zikazunguka, kubwa na ndogo, zikapita katikati ya watu, zikaishia kwenye majani. Mwalimu akaweka mukono: kavu kama ganda la karanga. Na doa haikuwako.

Mama Soraya akafungua fundo la kitenge, akamuwekea garanti mukononi, yote, bila kumutazama.

Hapo ndipo Mama Émérance akasogea.

« Mukwe. Si mimi? »

« Si wewe, mama. »

« Sababu mimi niliamini. » Sauti yake ilikuwa ndogo. « Nilifikiri nilijikojolea usingizini bila kujua. Miezi mbili, tangu saa nane ya muchana sinywi tena maji. Usiku nafunga vitambaa, kama huyu mutoto. Nilimuomba Mungu anikamate mbele Chancelle hajachoka na mimi. »



« Nipeni maji, » akasema.

Chancelle akaleta kopo. Muzee akanywa yote, akaomba lingine, akanywa, akaomba lingine, maji yakimushuka shingoni, na watu wote wakitazama. Na Muhindo akabaki amesimama na garanti mukononi, anatafuta mufuko wa kuitia.