Abiria wa Pili

—Nifute abiria mmoja, dada, au niwafute wote wawili?

Sindano akaondoa mguu kwenye pedeli ya cherehani. Gurudumu likazunguka lenyewe kidogo, likanyamaza.

—Wawili gani? Tiketi ni yangu peke yangu.

—Hapa naona wawili, akasema mhudumu wa shirika la ndege. Namba ya tiketi moja, abiria wawili, viti vimepakana.

Simu ilikuwa mezani, spika wazi, katikati ya vifungo na vipande vya vitambaa. Shoga yake wa chumba cha pili, msusi wa nywele, alikuwa amekuja kuazima mkasi. Akausahau mkasi.

—Ongeza sauti, akanong'ona.

Jina la Sindano alipewa kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Mchumba wake, fundi bomba, alikuwa amehamia mji wa mbali kufuata kazi ya majengo mapya. Huko akamkatia tiketi ya ndege ya bei ya chee, ile ambayo hata maji ya kunywa unanunua, aende wakafunge ndoa. Akamtumia namba ya tiketi, basi.

Sindano akamwandikia: "Siwezi kumwacha Bibi. Na huko nitafanya kazi gani bila cherehani?"

Akajibiwa: "Nimekusikia. Wewe panda tu ndege."

Tangu hapo akimpigia, mara mtu yuko juu ya paa, mara yuko chini ya sinki, halafu kimya. Sindano akaona hiyo ni dharau. Leo kaamua tiketi ifutwe, pesa zimrudie mwenyewe, na pete izifuate.

—Huyo wa pili ni nani?

—Jina siruhusiwi kulitaja, dada.

—Mwanamume au mwanamke?

Mhudumu akasita.

—Mwanamke. Anapandia hapo hapo unapopandia wewe.

Msusi akajipiga mapaja.

—Mji huu huu! Jamani, anawaagiza wawili wawili kama viatu!

Nyuma ya pazia, upande wa kitanda, Bibi akakohoa. Ndiye aliyemlea Sindano tangu akiwa na meno mawili, ndiye aliyemfundisha kutunga uzi.

—Mjukuu wangu, kitendawili!

—Bibi, si sasa.

—Kitendawili, nimesema!

—Tega, Sindano akaguna, maana Bibi hakuachwa bila jibu hata nyumba ikiungua.

—Yuko ndani ameketi, na angani ana kiti chake.

—Mwezi.

—Mwezi unaketi wapi humu ndani?

—Mke mwenza! akadakia Msusi.

Bibi akacheka mpaka kitanda kikalia.

—Haloo, dada? Mhudumu alikuwa bado yupo. Nikueleze kabla hujaamua. Tiketi hii ni ya bei nafuu, nauli yake hairudi. Inayorudi ni kodi ya uwanja tu, tena inarudi kwenye simu iliyolipia. Na ule mzigo uliolipiwa, nao ndiyo basi.

—Mzigo gani? Mimi nimeambiwa nije na mkoba wa mkononi!

—Mzigo ni wa abiria wa pili. Mzito, wa chuma.

—Sufuria, akasema Msusi. Huyo anahamia kabisa, shoga yangu.

Macho yakaanza kumwasha Sindano. Akamkumbuka mwanamume yule siku ya kwanza, amelala chali chini ya sinki lao lililokuwa likivuja, miguu tu ndiyo inaonekana, huku akiuliza kama anaweza kulipwa kwa kupunguziwa suruali. Kumbe ndiye huyu!

—Kuna lingine?

—Ameombewa kiti cha magurudumu, kutoka mlangoni mpaka kwenye ndege.

—Mjamzito! Msusi akaketi sakafuni. Tena mimba imeshakomaa!

—Dada, futa, akasema Sindano. Futa wote wawili.

—Nikishabonyeza hairudi tena. Nibonyeze?

—Bony...

—Mimi usinifute!

Pazia likafunguka. Bibi alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, magoti yakimtetemeka. Alivaa gauni la bluu ambalo Sindano alilishona juzijuzi akidhani ni la mteja.

—Jifute mwenyewe ukitaka. Mimi ndege sijaipanda hata siku moja, na nimeshaomba dirishani.



—Ni kweli, akasema mhudumu taratibu. Hapa pameandikwa dirishani.

Sindano akamtazama Bibi juu mpaka chini.

—Na hicho chuma?

—Kichwa cha cherehani. Meza yake amekwisha kukuundia huko huko, kwa mabomba.

—Bibi! Kwa nini hamkuniambia?

—Mimi ndiye niliyemkataza. Nilitaka umkubali yeye, si magoti yangu. Ungejua naenda, ungenifuata kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali.

—Dada, jamani, nibonyeze? akauliza mhudumu.

—Usiguse kitu! wakajibu wote watatu.

Sindano akakata, akapiga namba nyingine. Ikaita kidogo tu.

—Uko juu ya paa au chini ya sinki?

—Niko kwenye ngazi, akasema fundi bomba.

—Shuka. Abiria wa pili ameongea.

Ikasikika ngazi ikigonga ukuta.

—Lo! Aliniapisha. Na mimi nikiisikia sauti yako tu naropoka, ndiyo maana nikawa nakimbia simu.

—Nusura niwafute wote.

—Na mimi je?

—Wewe ulikuwa wa kwanza.

Fundi bomba akacheka.

—Sasa niambie kweli. Unakuja kwangu, au unamsindikiza Bibi?

Sindano akakitazama kidole chake chenye pete, na alama za sindano pembeni.

—Bibi angebaki, nisingekuja. Ningekuita urudi, uzibe mabomba ya mtaa huu mpaka uzeeke. Lakini ningekuita wewe, si mwingine.

—Ungeniita, ningerudi.

Msusi akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha watu.

—Kitendawili changu hakijajibiwa, akasema Bibi.

—Jibu ninalo, Bibi. Lakini leo nashindwa kwa hiari. Nakupa mji.

—Mji gani?

—Anakokaa fundi bomba.

Bibi akaketi polepole kwenye kiti cha cherehani, akalinyoosha gauni lake magotini.

—Nimeupokea. Haya, leta bisibisi, tuanze kukifungua hiki kichwa.