Matone ya Alhamisi

Tukubaliane mapema: siku ile mjinga alikuwa Pitia. Eyotaru alikuwa na dawa machoni. Pitia hakuwa na kisingizio.

Lakini tuanzie walipokutana, soko la Arua, mwaka 1994. Pitia alikuwa ameshuka kwenye pikapu ya Koboko na robota la vitenge kichwani, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa. Akapita mbele ya safu nzima ya mafundi cherehani kama bwana harusi. Fundi wa mwisho, msichana mwembamba wa gauni la njano, tepu ya kupimia shingoni, akamwita.

"Kaka wa Koboko! Usigeuke."

"Kwa nini, dada? Bado unanitazama?"

"Suruali yako iko imepasuka huko nyuma. Kuja nishone."

"Tangu saa ngapi?"

"Mimi najua? Uliza barabara."

Akamfunga kitenge kutoka robota lake mwenyewe, akachukua suruali, akatunga uzi kwa mpigo mmoja bila kukunja uso. Moyo wa Pitia ukapita katika tundu lile la sindano pamoja na uzi.

Tangu hapo kila wiki alikuwa na nguo ya kurekebisha. Zilipoisha zake, akaleta za jirani. Siku moja, wakinywa chai kando ya cherehani, Eyotaru akamwambia.

"Mimi nina sukari, Pitia. Tangu nikiwa na miaka kumi na tatu. Najidunga sindano asubuhi na jioni."

Pitia akasukuma kikombe. "Basi na mimi chai kavu, bila sukari, tuwe sawa."

"Weka sukari yako, mpenzi. Huo uso wa chai kavu nitauvumilia vipi?" Akacheka, kisha akaacha. "Alhamisi daktari wa macho anakuja hospitali. Watanitia matone, sitaona vizuri mpaka jioni. Kuja unishike mkono wa kurudi."

"Macho yanayotunga uzi hivi? Yanaumwa nini?"

"Hayaumwi. Nesi anasema sukari inakula nyuma ya jicho kimyakimya. Ukingoja mpaka uone vibaya, huenda umechelewa. Na mimi ninakula kwa macho haya."

"Nenda peke yako basi. Unapoteza siku bure."

Alhamisi ile Eyotaru alitoka hospitali peke yake, na Arua yote ilikuwa imeyeyuka. Jua lilimwagika kama maziwa. Mabati yalikuwa mwanga mtupu, miti ilikuwa moshi wa kijani, watu walielea wakiwa hawana nyuso, rangi tu, nyekundu, zambarau, njano, zikija na kupotea. Alitembea polepole ndani ya ndoto hiyo, mkono mmoja ukigusa ukuta, akisikiliza. Kwenye kona akapita kitu cha bluu kinachonukia kitambaa kipya.

Kitu hicho kilikuwa Pitia. Roho ilikuwa imemsuta, akaja na kitenge kizuri kuliko vyote, akakitandaza kwenye mikono yake, akasimama kimya akingojea kusifiwa. Eyotaru akampita kwa umbali wa hatua moja. Hata salamu! Na wanawake wa mihogo, wale wanaouza pale kwenye kona, wote wakaona. Huku kwetu kupitwa bila salamu ni tusi. Pitia akakunja kitenge chake, akapanda pikapu, akarudi Koboko kununa.

Alinuna wiki tatu. Kisha Natale, dereva wa pikapu, akamletea barua.

"Pitia, wanawake wa mihogo wameniambia ni wewe. Nilisikia harufu ya vitenge, nikasema huyu ni Pitia. Halafu nikasema hapana, Pitia angeniita. Mbona hukuniita? Daktari ameona vidoa vidogo vya damu nyuma ya macho. Anasema ni mapema, nichunge sukari, nirudi kila miezi sita, bado nitashona sana. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia. E."

Natale alikuwa bado anageuza gari Pitia alipoparamia nyuma. Hakuwa hata na viatu.

"Nimekuja kukuita," alisema mbele ya cherehani, akihema, kitenge cha bluu kifuani. "Eyotaru!"

"Sasa ninaona, unapiga kelele za nini?"

"Shona gauni la kwenda Dranya, kwa shangazi yangu. Na Alhamisi zote za daktari ni zangu."

Mwezi uliofuata, Dranya, Eyotaru alikaa kwenye mkeka ndani ya gauni la bluu, na shangazi Rosa Kiden, aliyemlea Pitia, akamkagua kama anayenunua mbuzi.

"Msichana ni mzuri. Lakini mtoto wangu, umesema huyu macho yake iko na ugonjwa! Unatafuta mke ama mtu wa kuongoza kwa fimbo?"

"Shangazi, ugonjwa umeonekana mapema..."

"Mapema, mapema! Wasichana wenye macho mazima wamejaa Koboko."

Eyotaru akainua uso, taratibu.

"Shangazi, huyu alikuja na suruali iliyopasuka kutoka Koboko mpaka Arua, na hao wote wa macho mazima wanatazama. Nani alimwambia?"