Pointi Moja ya Kukimbia

Jumamosi ile mvua iliwafukuza vijana wote wa jiji la Daegu, Korea, barabarani, na ukumbi wa kompyuta wa ghorofa ya tano ukajaa pomoni. Kilibaki kiti kimoja tu. Seo-rin, fundi wa meno ya bandia, aliyetoka kazini na koti lake la njano likichuruzika maji, akakikalia. Akafungua lile gemu ambalo wenzake kazini hawakuacha kulisimulia, akajiundia mhusika, msichana wa nywele fupi, akapewa pointi tano za kuchagulia ujuzi. Akataka kuziweka zote kwenye Kukimbia.

"Dada, utajuta," jirani yake akasema.

Alikuwa kijana wa sweta jeusi, vidole virefu, na bakuli la tambi likifuka mvuke mbele yake.

"Nitajutia nini?"

"Kukimbia ni ujuzi wa waoga. Weka kwenye Uganga. Mimi nina upanga. Nikiumia unanitibu, ukiguswa wewe naua mtu."

"Na ukinitoroka, kaka?"

"Nikuache uliwe na mbwamwitu? Usingizi nitaupata wapi?"

Seo-rin akacheka. Akaweka nne kwenye Uganga na moja kwenye Kukimbia, kwa ukaidi tu.

"Hiyo moja je?"

"Hiyo yangu."

Kijana, jina lake Do-yun, akatabasamu, ila aliikodolea macho ile pointi kwa muda.

Wakapendana upesi. Kila jioni simu ya Do-yun iliingia kabla Seo-rin hajavua aproni ya kazi.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula."

"Na nani?"

Mwanzoni hilo "na nani" lilimpendeza. Hakuna mwingine aliyetaka kujua. Jioni walikaa bega kwa bega ukumbini, na kila mara msichana wa Seo-rin alipopanda daraja, Do-yun ndiye aliyeshika kipanya na kuchagua. Uganga tena. Uganga tena. Msichana akawa anafufua maiti, lakini akiwa peke yake hata kuku wa kijijini alimshinda.

Do-yun naye akaanza kukuza ujuzi uitwao Kamba. Ukibonyeza, mwenzako popote alipo anavutwa hadi miguuni pako. Siku moja Seo-rin alikuwa kwenye soko la gemu akipiga soga na Mi-ok, rafiki yake wa shule, mara kamba ya dhahabu ikamdondokea, akajikuta mbele ya Do-yun.

"Nilikuwa naongea na mtu!"

"Nimekukumbuka. Ni kosa?"

"Kaka, uniulize kwanza."

Do-yun akainuka, akaondoka. Siku mbili hakupokea simu. Seo-rin hakulala vizuri, akajiona mkorofi, akatuma ujumbe wa kuomba msamaha. Jioni hiyo Do-yun akamngoja mlangoni pa kazi na maua meupe, na Seo-rin akamkumbatia mbele ya watu bila haya. Walipofikisha siku mia za mapenzi wakavishana pete za wapenzi. Do-yun akachukua simu ya Seo-rin, akaiwekea ramani ya kuonyesha aliko.

"Kwa usalama wako tu, mpenzi."

Kisha likaja neno lenyewe. "Acha kazi. Tuhamie Pohang, tuoane. Utakuwa unangoja nini tena? Nitakutunza mimi."

"Nipe mpaka Jumapili."

Alitaka kusema ndiyo. Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, lakini kila alipofungua kinywa alijikuta akisema habari za mvua.

Jumapili mvua ilinyesha tena. Seo-rin akapanda treni hadi upande wa pili wa jiji, kwenye ukumbi asikojulikana, ghorofa ya tatu, akakaa dirishani. Kwenye gemu kuna mtawa anayemfutia mtu ujuzi wake wote, mara moja tu maishani, achague upya. Seo-rin akamwendea. Uganga ukafutika. Pointi zote akaziweka kwenye Kukimbia.

Kamba ikaja. Ikamgusa msichana begani, ikateleza, ikaanguka. Akakimbia, nayo kamba ikaja tena, ikateleza tena. Seo-rin akacheka kwa sauti, watu wakageuka.

Simu ikaita.

"Umefanya nini?"

"Nimebadilisha ujuzi, kaka. Nilitaka kuona tu."

"Utakufa bila mimi."

"Kwenye gemu?"

"Leo umevaa lile koti la njano," Do-yun akasema taratibu. "Usiondoke hapo."

Seo-rin akatazama chini. Do-yun alikuwa upande wa pili wa barabara, mwavuli mkono mmoja, maua meupe na simu mkono mwingine, akingoja taa zimruhusu. Akamtazama juu, akatabasamu vizuri, kama siku ile ya tambi. Seo-rin alimpenda bado. Hilo ndilo lililomtia hofu kuliko yote.

Taa zikabadilika. Seo-rin akavua koti, akalitundika kwenye mgongo wa kiti, palepale dirishani, na simu akaitia mfukoni mwa koti hilo. Lifti ilikuwa inapanda, namba zikiwaka moja moja. Akashika ngazi.

Alipofika ghorofa ya pili akaisikia simu yake ikiita huko juu. Ikaita, ikaita, kisha ikakatika ghafla, na hatua za mtu zikaanza kushuka.

Akaingia mvuani mbio, na viatu vya kazini, bila koti. Pete ilikuwa bado kidoleni. Angeivua akishafika mbali.